Kufuli Si Hati ya Mahakama

Hotuba kwa viongozi wa walei juu ya wajibu wa mwenye nyumba mbele ya sheria



Nimeombwa nizungumze juu ya nyumba za kupangisha. Huenda wengi mlitazamia, kama ilivyo desturi ya Tume ya Haki na Amani, kwamba nitasimama upande wa mpangaji na kumlaumu mwenye nyumba. Leo nimeona afadhali nizungumze na mwenye nyumba mwenyewe, kwa sababu yumo humu ukumbini. Yumo katika baraza la parokia, yumo kwaya, na mara nyingi ndiye anayeikaribisha jumuiya sebuleni kwake, ilhali nusu ya waliokaa pale ni wapangaji wake. Ni mwalimu mstaafu aliyejenga vyumba 8 kwa malipo ya uzeeni. Ni mjane aliyeachiwa ploti na marehemu mumewe. Ni kikundi cha akina mama waliochanga kidogo kidogo hata wakanunua kiwanja. Hawa si matajiri. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo karo ya watoto na ndiyo dawa ya shinikizo la damu. Kwa hiyo mpangaji anapokaa miezi mitatu bila kulipa, taabu ya mwenye nyumba ni ya kweli, na sitaki mtu yeyote aidharau.

Makosa huingia pale anapotafuta njia ya mkato. Sote tumeyaona: kufuli la pili juu ya kufuli la mpangaji, mlango kung'olewa na kufichwa stoo, mabati ya paa kushushwa wakati wa mvua, umeme kukatwa, bomba la maji kufungwa. Mambo haya yamezoeleka hata jirani akipita hageuki kutazama. Neno langu la leo ni moja. Sheria za Kenya zimempa mwenye nyumba njia ya kudai kodi yake, na zimempa njia ya kurudishiwa nyumba yake, lakini hazikumpa kufuli. Siku atakapoliweka kufuli hilo, yeye aliyekuwa anadai atageuka kuwa anayedaiwa.

Basi tuanze na swali ambalo wenye nyumba wengi hawajapata kujiuliza: ploti yangu iko chini ya sheria ipi? Maana ploti moja yaweza kuwa chini ya sheria mbili au tatu kwa wakati mmoja. Chukueni ploti ya kawaida ya mitaa yetu: nyuma kuna vyumba vya kulala, na mbele, upande wa barabara, kuna duka la rejareja, kinyozi na fundi cherehani. Mwenye ploti huwatendea wote sawasawa, kwa kuwa wote humlipa tarehe 5. Sheria haiwatazami hivyo.

Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake halali haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi inalindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, yaani Sura ya 296, ambayo asili yake ni mwaka 1959. Kiwango hicho cha shilingi 2,500 ni cha zamani mno, na kwa maoni yangu kimewaacha nje maskini wengi wa mjini, maana siku hizi hata chumba kimoja cha mabati chaweza kukipita. Lakini katika miji midogo na katika baadhi ya vijiji vya mabanda vyumba vya namna hiyo vingaliko. Mwenye chumba kama hicho hawezi kupandisha kodi apendavyo wala kumtoa mpangaji kwa amri yake mwenyewe. Sharti aende mbele ya baraza maalumu lililowekwa na sheria hiyo, aeleze sababu yake, na baraza liamue. Hata kukamata vyombo vya mpangaji kwa ajili ya deni kunahitaji kwanza ruhusa ya baraza. Tena, kumtoa mpangaji bila idhini hiyo, au kumsumbua kwa makusudi ili ahame mwenyewe, ni kosa la jinai. Na asidhani mtu kwamba ataikwepa sheria kwa kupandisha kodi kutoka 2,300 hadi 2,600. Kinachotazamwa ni kodi iliyo halali kwa nyumba ile, wala si ile aliyoitangaza mwenyewe jana jioni.

Duka, kinyozi na fundi cherehani wako chini ya sheria nyingine, Sura ya 301, ya mwaka 1965, ihusuyo maduka, hoteli na mahali pa kuuzia chakula. Hapa ndipo nimeona wenye nyumba wakishangazwa kuliko popote. Mtu husema: “Yule kinyozi hana hata karatasi, tulipatana kwa mdomo tu, nitamwambia aondoke mwisho wa mwezi.” Kumbe kutokuwa na karatasi ndiko kunakomlinda kinyozi. Sheria hiyo inasema kwamba upangaji wa biashara usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, au wenye kifungu kinachoruhusu kuuvunja kabla ya miaka 5 kwa sababu isiyo ya kuvunja masharti, ni upangaji unaolindwa. Ili kuuvunja, au hata kupandisha kodi tu, mwenye nyumba lazima atoe notisi ya maandishi kwa fomu iliyowekwa na sheria, ataje sababu, na notisi hiyo isianze kufanya kazi kabla ya miezi 2 kupita. Mpangaji asiporidhika hupeleka shauri mbele ya Baraza la Kodi za Nyumba za Biashara kabla ya tarehe ile kufika, naye huendelea kukaa hadi shauri liamuliwe. Notisi iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari, au ujumbe wa simu wenye herufi kubwa na vitisho, haina nguvu yoyote.

Sheria hiyo haikumfunga mwenye nyumba mikono. Imetaja sababu zinazokubalika: mpangaji ambaye kodi yake imepita miezi 2 tangu siku ya kulipwa, au anayechelewa kila mara, aliyevunja masharti, mwenye nyumba anayetaka kubomoa na kujenga upya, mwenye nyumba anayetaka kupatumia mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Mwenye sababu ya kweli na fomu iliyojazwa sawasawa ana matumaini mema mbele ya baraza. Asiye na sababu ndiye anayeiogopa fomu.

Sasa vyumba vile vya nyuma, ambavyo kodi yake ni shilingi 4,000 au 7,000. Hivi havimo katika Sura ya 296, na hapo watu hudhani kwamba vimetoka nje ya sheria kabisa. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba upangaji wa mwezi hadi mwezi huvunjwa kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, na notisi hiyo imalizike siku ya kulipa kodi. Mfano: kodi hulipwa tarehe 5, nawe ukatoa notisi tarehe 12 Machi. Mwezi utatimia tarehe 12 Aprili, lakini hiyo si siku ya kodi. Kwa hiyo notisi yako itafikia mwisho tarehe 5 Mei. Mpangaji naye anafungwa na hesabu hiyo hiyo anapotaka kuhama. Muda ukiisha na mpangaji akakataa kutoka, mahali pa kwenda ni mahakamani, kwa amri ya hakimu, wala si kwa vijana wa mtaa waliolipwa mia mbili mbili.

Ikiwa ni deni tu linalokusumbua, iko Sheria ya Kukamata Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura ya 293. Yaruhusu vyombo vya mpangaji kushikwa na kuuzwa, lakini kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni chini ya Sheria ya Madalali ya mwaka 1996, kwa utaratibu wake, na wakati wa mchana. Mwenye nyumba hawi dalali kwa sababu ana ufunguo wa akiba. Watu wa Agano la Kale walilijua jambo hili: katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, anayedai rehani huagizwa asiingie ndani ya nyumba ya mdaiwa kujichukulia, bali asimame nje angoje aletewe. Na Katiba yetu ya mwaka 2010 haiko mbali na mlango huo. Kifungu cha 31 kinakataza nyumba ya mtu kupekuliwa na mali yake kuchukuliwa ovyo. Cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao ya kufaa, ya usafi na ya maji safi. Na cha 20 kinasema haki hizo zinamfunga kila mtu, si serikali peke yake.

Kwamba maneno hayo si pambo la karatasi, iko kesi ya wapangaji wa Muthurwa, hapa Nairobi. Mtaa ule ulikuwa wa wafanyakazi wa reli, kisha ukawa mali ya wadhamini wa mfuko wa malipo ya uzeeni wa shirika la reli. Mwaka 2010 wadhamini walitaka kuwaondoa wapangaji ili ardhi iendelezwe. Nyumba zikaanza kubomolewa na maji yakakatwa watu wakiwa bado wamo. Wapangaji wakaenda Mahakama Kuu, na hukumu ikatoka mwaka 2013. Mahakama haikusema kwamba mwenye mali hana haki ya kuiendeleza mali yake. Ilisema kwamba namna iliyotumika kuwaondoa watu ilivunja haki zao za kikatiba. Nawasihi wale mnaonunua ploti kwa vikundi mzingatie kesi hiyo. Fedha za wadhamini wale zilikuwa fedha za wastaafu, na nia ilikuwa kuwapatia wazee kipato. Lakini nia njema haikuziba pengo la utaratibu, na shauri lilichukua miaka.

Aidha, kikundi kikinunua ploti yenye watu, kimewanunua pamoja na ploti. Upangaji wa mwezi hadi mwezi hauandikwi kwenye hati ya ardhi, lakini Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inautambua hata hivyo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, fanyeni upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ili mjue jina la mwenye hati na kama kuna mkopo juu yake. Kisha nendeni ploti yenyewe, mgonge mlango mmoja mmoja, muulize kila aliyemo analipa kiasi gani, tangu lini, na ametoa amana kiasi gani kwa mwenyeji wa kwanza. Amana hiyo mtakuja kudaiwa ninyi. Muuzaji mwaminifu hatachukia mkiuliza.

Nije kwenye ushuru. Kiswahili chetu hutumia neno moja, kodi, kwa fedha anayotoa mpangaji na kwa fedha inayodaiwa na serikali, na labda ndiyo sababu wengine hudhani wakishapokea ya kwanza ya pili imekwisha lipwa. Mapato ya nyumba za kuishi yanayozidi shilingi 288,000 kwa mwaka na yasiyopita milioni 15 hulipiwa ushuru kila mwezi. Utaratibu huo ulianza mwaka 2016 kwa asilimia 10, na kiwango kikashushwa hadi asilimia 7.5 kuanzia Januari 2024. Huhesabiwa juu ya kodi yote iliyopokewa, bila kuondoa gharama za rangi, mabomba wala riba ya mkopo, na hulipwa kabla tarehe 20 ya mwezi unaofuata haijapita. Mwenye vyumba 10 vya shilingi 4,000 hupokea 40,000 kwa mwezi. Ushuru wake ni shilingi 3,000. Mwenye vyumba 6 vya bei hiyo hupata 288,000 kamili kwa mwaka, kwa hiyo hajavuka mstari. Akiongeza chumba cha saba, amevuka. Yale maduka ya mbele hayamo katika mpango huu. Mapato yake huingia katika hesabu ya kawaida ya mwaka. Najua manung'uniko yaliyopo juu ya matumizi ya fedha za umma, nami nayashiriki. Lakini mwenye nyumba anayemficha mpangaji wake risiti kwa kuogopa Mamlaka ya Ushuru amejinyima ushahidi wake mwenyewe. Siku atakapokwenda mbele ya baraza kudai deni la miezi mitatu, ataulizwa daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari lenyewe si jambo kubwa. Mkataba wa ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo wote wawili wanaisoma: majina na namba za vitambulisho, chumba gani, kodi kiasi gani na siku gani, amana kiasi gani na itarudishwa lini, nani hutengeneza bomba likipasuka na nani hulipa balbu. Ukurasa huo utiwe sahihi nakala mbili. Siku ya kuingia, kagueni chumba pamoja, mkapige picha kuta na dirisha, maana ugomvi mwingi wa amana ni ugomvi wa tundu lililokuwako tangu zamani. Kila malipo yapewe risiti, hata yaliyopitia simu. Na jihadharini na msimamizi wa ploti mnayemwachia kila kitu. Akipokea kodi na kutoandika, akimtukana mpangaji, akimtaka binti wa watu ampe kisichopaswa ili asifungiwe nyumba, mwenye nyumba asidhani atasema “sikujua” yakaisha.

Kuna maneno mawili ambayo ni mazito kuliko fedha.

La kwanza ni uzima. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa 6 lilianguka Huruma, karibu na mto, likaua watu wapatao 50. Mtoto mchanga alitolewa hai siku ya nne, na mama mmoja siku ya sita. Jengo lile halikuwa na kibali. Ghorofa za namna ile hazikujengwa na mashetani. Zilijengwa na watu waliokuwa na haraka ya kuanza kupokea kodi, wakaongeza ghorofa moja juu ya nyingine kwa msingi ule ule. Kibali cha kaunti, mhandisi wa kweli, mkandarasi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, na ukaguzi kabla watu hawajaingia: gharama yake ni kubwa, najua. Lakini mtu asiyeweza kuzilipa hana ghorofa ya nne ya kujenga. Ana vyumba vya chini tu, na hivyo avijenge vizuri, viwe na choo kinachofaa na dirisha linalofunguka. Sheria ya Afya ya Umma humruhusu afisa wa afya kuingilia penye uchafu unaohatarisha watu, na hapo hatauliza kama mwenye ploti ni katekista.

La pili ni amani ya mtaa. Mwishoni mwa Oktoba 2001 Rais Moi alizuru Kibera akasema kodi za pale zipunguzwe. Kabla ya mwaka kwisha wapangaji na wenye nyumba walikuwa wanapigana kwa mapanga. Watu wakauawa na maelfu wakakimbia makao yao. Ugomvi ulianzia kwenye kodi, ukachukua sura ya kabila na dini kwa muda wa siku chache. Mabanda yale yalisimama juu ya ardhi ya serikali, mikataba ilikuwa haba, na kwa hiyo hapakuwa na karatasi ambayo pande mbili zingeweza kuiweka mezani zikaisoma pamoja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tuliona tena watu wakifukuzwa kwenye vyumba kwa majina yao, na wengine wakiingia vyumba vya watu bila kulipa. Kumnyima mtu chumba kwa sababu ya kabila lake kumekatazwa na Katiba na na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008. Nataja hilo kwa sababu husemwa kwa upole sana, tena na watu wa sala: “Chumba kimechukuliwa,” na kibao cha kupangisha kingali kinaning'inia langoni.

Nirudi kwa yule mjane na mpangaji wake wa miezi mitatu, maana najua ndilo swali mlilo nalo. Kwanza amwite, wazungumze mbele ya mtu wa tatu, na wapatanacho kiandikwe. Wengi hulipa hapo. Aliyefiwa au aliyeachishwa kazi hujificha kwa aibu kuliko kwa ujeuri. Asipotimiza, apewe barua ya madai yenye hesabu kamili. Kisha notisi ifaayo kwa aina ya nyumba ile, ikabidhiwe mkononi mwake naye atie sahihi, au apatikane shahidi. Kisha baraza au mahakama. Muda wote huo maji yaendelee kutoka na mlango ubaki mahali pake. Itachukua wiki nyingi kuliko kufuli, sikatai. Na ikiwa jumuiya ina akiba ya kusaidiana, huu nao ni wakati wa kuuliza kama sehemu ya deni la mpangaji yaweza kulipwa na wenzake, ili mjane asiwe peke yake anayebeba umaskini wa jirani.

Nakala za mfano wa mkataba wa ukurasa mmoja na za fomu ya notisi ya nyumba za biashara ziko mezani karibu na mlango. Chukueni moja kwa kila jumuiya mkazitoe nakala. Sasa tuna nusu saa ya maswali. Naomba tuanze na waliokuja na barua za notisi mikononi, wawe wameziandika au wameandikiwa.